Mgeni Chuoni: Nani Humpokea?

Hili ni somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, limechapishwa kama lilivyosomwa redioni. Kiongozi wa darasa alisome kwanza kwa sauti, polepole. Kisha wanafunzi walisome wenyewe kwa zamu, fungu kwa fungu. Maana ya maneno magumu na maswali ya mazungumzo yako mwishoni.

Ndugu wasikilizaji, hamjambo? Natumaini mmekwisha kaa, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Nawasalimu wote mlioko madarasani, na leo nawasalimu zaidi ndugu zetu wa Unyambwa, mkoani Singida, maana somo hili limetoka kwao.

Siku moja nilikwenda Unyambwa kutazama maendeleo ya darasa. Tulipomaliza, watu wakaondoka, mama mmoja akabaki nyuma. Mkononi alishika karatasi. Akaniambia, "Mwalimu, nisomee hii. Herufi nazijua sasa, lakini maneno haya ni marefu mno." Nikaisoma. Ilikuwa habari njema: binti yake amechaguliwa kuingia chuo kikuu, naye ni wa kwanza katika ukoo wao. Nikampongeza sana. Lakini yule mama hakuonyesha furaha niliyoitazamia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huko anakokwenda hana shangazi wala mjomba. Nani atampokea?"

Nilimjibu kwa haraka kwamba chuo kina walimu, kina mabweni, kina ofisi ya kuwasaidia wanafunzi. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini halikumtosha, na mimi pia halikunitosha. Basi, leo nataka kumjibu vizuri zaidi, na jibu lenyewe nitalitafuta katika historia. Binti yake si mgeni wa kwanza kutoka kwetu kubisha hodi katika mlango wa chuo kikuu. Wametangulia wengine. Walipokewaje? Na baada ya kupokewa, walifanya nini?

SAFARI YA MAKERERE

Wakati wa ukoloni, Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kijana aliyetaka elimu ya juu, tena wachache sana ndio waliopata nafasi hiyo, alikwenda Makerere, katika mji wa Kampala, nchini Uganda. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Baadaye ikakua, ikapokea wanafunzi kutoka nchi zote za Afrika Mashariki.

Hebu ifikirini safari yenyewe. Kijana wa Singida ilimpasa kwanza kuifikia reli ya kati. Akapanda treni mpaka Tabora. Pale Tabora akashuka, akangoja treni ya Mwanza, maana njia ya reli kutoka Tabora mpaka Mwanza ilikamilika mwaka 1928. Mwanza akapanda meli kuvuka ziwa kwenda Uganda. Akifika Kampala, watu wa mjini wanasema Kiganda, walimu wanafundisha kwa Kiingereza, na kule nyumbani alikua akisema Kinyaturu. Chakula si ugali wa uwele na mlenda, ila ni ndizi. Huo ndio ugeni hasa, ndugu zangu.

Mwaka 1943 aliingia Makerere kijana mmoja aliyezaliwa Butiama, karibu na Musoma, mwaka 1922. Alikuwa amemaliza Shule ya Tabora, na sasa alikwenda kusomea ualimu. Jina lake Julius Nyerere. Pale Makerere Watanganyika walikuwa wachache, na aliye mchache katika kundi kubwa hujiona mpweke hata akiwa katikati ya watu. Wakafanya nini? Nyerere na wenzake, kati yao Andrew Tibandebage aliyetoka upande wa magharibi ya ziwa, na Hamza Mwapachu wa Tanga, walianzisha chama chao cha wanafunzi wa Tanganyika. Kwa kifupi kiliitwa TAWA. Kazi yake ya kwanza haikuwa siasa. Kazi yake ilikuwa kuangalia hali njema ya wanafunzi waliotoka Tanganyika.

Tazameni jambo moja hapa. Vijana hao hawakuwa wa kabila moja. Hawakuwa wa dini moja pia, maana Mwapachu alikuwa Mwislamu, na Nyerere na Tibandebage walifuata njia ya Ukatoliki. Nyumbani huenda wasingekutana kamwe, maana Butiama na Tanga ni mbalimbali sana. Ugeni ndio uliowakutanisha. Kule Kampala walijitambua kuwa wote ni watu wa nchi moja.

Chama chao hakikukaa peke yake. Kilijiunga na chama kikubwa cha Waafrika wa Tanganyika, yaani TAA, kikawa tawi lake pale Makerere. Nanyi mwajua mambo yaliyofuata. Mwaka 1953 Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa TAA. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuzwa kuwa TANU, chama kilichotuongoza kupata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Sisemi kwamba uhuru ulizaliwa katika bweni la Makerere. Uhuru ulikuwa na wazazi wengi, na wengi wao hawakukanyaga darasa lolote. Nasema hivi tu: wageni wachache walikataa kuachana wapweke, na mazoea yale ya kusaidiana waliyachukua, wakarudi nayo nyumbani.

CHUO CHAAZIMA NYUMBA

Sasa twende Dar es Salaam, mwaka 1961. Nchi ilikuwa karibu kupata uhuru, na wanasheria Waafrika walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Nani angekaa mahakamani? Nani angeandika sheria za nchi mpya? Ikaamuliwa kwamba chuo kianze mara moja, na kianze na somo la sheria, ambalo Makerere haikuwa ikilifundisha. Lakini majengo hayakuwapo. Kujenga chuo kikuu si kazi ya mwezi mmoja.

Ndipo TANU ikatoa jengo lake lililoko mtaa uitwao sasa Lumumba, karibu na Mnazi Mmoja. Chuo kikafunguliwa humo tarehe 25 Oktoba 1961. Wanafunzi wa kwanza hawakufika hata ishirini. Kati yao alikuwamo mwanamke, Julie Manning. Wale akina mama mnaonisikiliza, liandikeni jina hilo katika madaftari yenu. Binti huyo aliyeingia darasani na wanaume watupu alikuja kuwa Waziri wa Sheria wa Tanzania mwaka 1975.

Mwaona jinsi mambo yalivyozunguka? Wanafunzi wa Makerere walipokuwa wageni, walijipokea wenyewe kwa wenyewe. Miaka 18 ikapita. Mmoja wao akawa kiongozi wa nchi, na chama alichokiongoza kikakipa chuo kizima mahali pa kukaa. Aliyekuwa mgeni jana, leo amekuwa mwenyeji.

Chuo hicho kilikuwa kidogo. Kwanza kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, nacho ndicho kilichotoa shahada. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1964 wanafunzi wa Dar es Salaam walihamia kilimani, kama kilomita 13 kutoka katikati ya mji, na mpaka leo watu husema tu "Mlimani". Tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chenye kujitegemea.

Na pale Mlimani hawakupokewa Watanzania tu. Yoweri Museveni, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Uganda, alisoma pale tangu mwaka 1967 hata 1970. Mwalimu Walter Rodney alitoka Guyana, nchi iliyoko Amerika ya Kusini, ng'ambo ya bahari kuu, akafundisha historia. Wazee wetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Vijana wetu walijifunza mengi kwa wageni hao, na wageni nao walijifunza kwetu.

SIKU YA TATU MPE JEMBE

Lakini wazee hao hao wanayo methali nyingine, nanyi mwaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa ndipo historia yetu inapopata mtihani wake.

Katika miaka ile ya mwanzo ya uhuru, waliofika chuo kikuu walikuwa wachache mno, na gharama zao zililipwa na watu wote. Mkulima aliyeuza pamba yake, mfugaji aliyelipa kodi ya ng'ombe wake, wote walichangia kitabu na kitanda cha mwanafunzi. Mwalimu Nyerere aliwaeleza wasomi jambo hili kwa mfano. Alisema wao ni kama mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo akila, akaenda, asirudi, amekuwa msaliti.

Mwaka 1966 Serikali iliamua kwamba kila anayemaliza masomo ya juu atumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili. Miezi ya kwanza angekaa kambini. Muda uliobaki angefanya kazi yake ya kisomi, lakini apokee asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wengi hawakulipenda jambo hili. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana mpaka Ikulu. Walidai kwamba masharti ni magumu, tena walilalamika kwamba viongozi wenyewe wanalipwa mishahara mikubwa. Bango moja lilisema kwamba afadhali ukoloni.

Mwalimu Nyerere alikasirika sana. Juu ya mishahara alikubali kwamba wana neno, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Lakini wanafunzi 393 walifukuzwa, wakarudishwa makwao.

Sasa ndugu zangu, tusimame hapa kidogo. Fikirini kijana mmoja wa siku ile. Miaka michache nyuma kijiji kilimsindikiza kwa ngoma. Leo anashuka garini na sanduku lake, bila cheti. Wazee wameketi chini ya mti, wanamtazama anavyokuja. Atawaambia nini? Nao watamwambia nini? Huenda wengine watamwonea huruma, waseme adhabu ilizidi. Huenda wengine wataona ni haki. Watu wenye akili wangali wakibishana juu ya jambo hili, nami siwalazimishi mkubali upande mmoja. Wengi wa vijana hao waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka 1967.

Mimi naona kwamba kosa halikuwa la upande mmoja. Vijana walipokewa vizuri chuoni: walipewa vyumba, chakula na walimu. Lakini hawakuwekewa njia ya kurudi. Wakawa wenyeji wa Mlimani, na wageni wa kijijini. Ndiyo maana tarehe 5 Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwezi Machi mwaka huo huo ikaja siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotaka shule isimtenge mtoto na kazi za wazazi wake. Mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, ikatakiwa kwamba kijana amalizapo kidato cha sita afanye kazi kwanza, ndipo aingie chuo kikuu. Utaratibu huo haupo tena siku hizi. Lakini swali lililouleta bado lipo: msomi ni wa nani?

MAMBO YA LEO

Leo mambo yamebadilika. Vyuo vikuu ni vingi. Kwa watu wa Singida, kilicho kikubwa na karibu ni Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007. Kwa basi ni safari ya saa chache. Tangu mwaka 2005 iko Bodi ya Mikopo, ambayo huwakopesha wanafunzi fedha za masomo, nao hulipa baadaye wakiisha kupata kazi. Kila mwaka, masomo yanapoanza, vyuo huwa na siku za kuwakaribisha wanafunzi wapya. Huonyeshwa maktaba, zahanati, mahali pa kulala, na namna ya kujiandikisha.

Hata hivyo ugeni haujaisha. Nitawaeleza niliyoyaona mwenyewe. Nilipokwenda chuoni kusomea stashahada yangu, nilifika jioni. Mama alinifungia kuku wa kuchoma na unga wa uwele. Vitanda vya bweni vilikuwa vimekwisha. Nilikaa juu ya begi langu nje ya jengo, nikitazama wenzangu wakipita wakicheka, nami nikisema moyoni, "Kesho narudi." Akaja kijana wa mwaka wa pili akaniuliza natoka wapi. Nikasema, Singida. Yeye alikuwa mtu wa Lindi. Akasema, "Twende, utalala kwetu." Nikalala kitanda kimoja na mtu nisiyemjua kwa wiki tatu. Wanafunzi huita jambo hilo "kubebana". Ukilitazama, ni desturi ile ile ya Makerere ya mwaka 1943, ila imepewa jina jipya.

Yule kijana wa Lindi hakunipa kitanda peke yake. Alinionyesha namna ya kuazima kitabu maktaba. Aliniambia nisione haya kumwuliza mwalimu swali, hata kama Kiingereza changu kinakwaruza. Na fedha nilizotoka nazo nyumbani zilipokwisha kabla ya mwezi, alinifundisha kupanga bajeti, maana nilizitumia kama mtu aliyeuza mazao jana. Nilipofika mwaka wa pili mimi nami nilikwenda nje ya bweni jioni ile ya kwanza, nikatafuta aliyekaa juu ya begi. Nikamkuta.

Kuna jambo moja la kuangalia. Vyuoni viko vikundi vya watu wa mkoa mmoja, au dini moja, au shule moja waliyotoka. Ni vizuri, maana mgeni akisikia lugha ya kwao moyo hutulia. Lakini kumbukeni kwamba TAWA haikuwa ya Wazanaki peke yao, wala haikuwa ya Tanga peke yake. Kikundi cha watu wa kwenu kiwe mlango wa kuingilia, kisiwe chumba cha kujifungia.

JIBU KWA MAMA WA UNYAMBWA

Basi mama yangu, kama unanisikiliza, jibu langu ni hili. Binti yako atapokewa na watu watatu.

Wa kwanza ni chuo chenyewe. Mwambie binti asome kila karatasi anayopewa, ajiandikishe mapema, aitunze namba yake ya masomo, na akipata shida aende ofisi ya wanafunzi kabla shida haijawa kubwa.

Wa pili ni wanafunzi wenzake waliotangulia. Hao hawaandikwi katika karatasi ya chuo, lakini ndio waliowapokea wengi tangu zamani. Mwambie asijifungie. Aombe, aulize, naye mwakani ampokee mwingine.

Wa tatu ni wewe, na kijiji chote cha Unyambwa. Labda utashangaa. Utasema, "Mimi niko huku, nitampokeaje?" Utampokea anaporudi. Likizo ya kwanza usimfanye mgeni. Usimtandikie mkeka akakaa tu. Mpe jembe, aende nawe shamba la alizeti. Jioni mwambie akusomee, akueleze aliyojifunza, hata kama ni magumu. Kama anasoma kilimo, muulize kuhusu mbegu. Kama anasoma sheria, muulize kuhusu mpaka wa shamba. Nawe mweleze yaliyotokea nyumbani alipokuwa hayupo. Mwana anayeulizwa maswali nyumbani hujua kwamba anangojewa, na anayengojewa hurudi.

Nawe unayo silaha mpya ambayo mama wa mwaka 1943 hakuwa nayo. Umejifunza kuandika. Mwaka ule mzazi asiyejua kusoma alitafuta mtu wa kumwandikia barua, na siri za nyumba zikapita katika mikono ya mtu mwingine. Wewe leo unaweza kumwandikia binti yako kwa mkono wako, katika karatasi au katika simu. Andika mistari mitatu tu: hatujambo, mvua imenyesha, tunakungoja. Siku anapojiona mgeni kuliko siku zote, mistari hiyo mitatu itamtosha.

Ndugu wasikilizaji, somo letu limekwisha. Zungumzeni vizuri, kila mtu apate nafasi ya kusema. Kwaherini mpaka kipindi kijacho.

MANENO MAGUMU

Bweni: nyumba wanamolala wanafunzi.
Shahada: cheti anachopewa mtu aliyemaliza masomo ya chuo kikuu.
Stashahada: cheti cha masomo ya juu, kilicho chini ya shahada.
Azimio: jambo lililokatwa na kukubaliwa na mkutano.
Bajeti: mpango wa fedha zinazopatikana na zinazotumika.
Tawi: sehemu ya chama iliyoko mahali fulani.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini Nyerere na wenzake walianzisha chama chao pale Makerere? Kilisaidia nini?

2. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka gani, na katika jengo la nani? Kwa nini kilianza na somo la sheria?

3. Fikirini kwamba mmoja wa wanafunzi waliofukuzwa mwaka 1966 alikuwa mtoto wa kijiji chenu. Mngempokeaje? Kila mtu aeleze sababu zake.

4. Katika kijiji chenu yuko kijana aliye chuoni sasa? Akirudi likizo, mngependa awasaidie jambo gani? Nanyi mtamsaidia nini?

5. Kazi ya kuandika: kila mwanafunzi aandike barua fupi ya mistari mitatu kwa kijana aliye mbali na nyumbani. Someni barua zenu darasani, kisha zipelekeni.